Sahihi Nzuri, Pesa Hewa

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nikianza na yenu mtasema najifanya mjuaji.

Babu yangu alikuwa na picha moja. Ukubwa wake kama postikadi, nyeusi na nyeupe, kingo zimekatwa meno meno kama stempu. Ndani yake kuna kijana amesimama, mguu mmoja juu ya mpira, soksi moja imeteremka, anacheka akiangalia pembeni kama mtu aliyeitwa na mwenzake. Alikuwa mchezaji wa Feisal, timu ya hapa hapa Mombasa iliyobeba ligi ya Kenya mwaka 1965. Chini ya picha, kwa wino wa buluu, aliandika jina la babu, akaongeza "rafiki yangu", halafu akatia sahihi.

Huo wino ulikuwa ushafifia. Ukiishika picha barazani, mchana, ukaiinamisha kidogo, sahihi waiona. Kwenye kamera ya simu haionekani. Na mimi nilitaka video. Basi nikachukua makapeni nyeusi, nikaifuatisha ile sahihi herufi kwa herufi, polepole, ulimi nje kama mtoto wa nasari. Ikatoka safi. Video ikaenda vizuri, watu wakaandika "kali sana" na "hii ni pesa hii", na mimi kichwa kikavimba.

Jioni nikampelekea babu. Alikuwa amekaa na kahawa yake. Akaishika, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Nani kaandika hapa?"

"Ni sahihi ile ile, babu. Nimeiweka wazi tu."

"Hii si yake, mjukuu wangu. Hii ni yako."

Akanirudishia. Hakugomba. Afadhali angegomba.

Nimelikumbuka hilo wiki hii kwa sababu ya rafiki yangu mmoja wa Kibokoni. Amenunua jezi ya klabu moja kubwa ya Ulaya, "imesainiwa na timu nzima", kwa shilingi 18,000. Alinipigia simu usiku nikaione. Nikaenda. Jezi iko ndani ya fremu ya kioo, sahihi kumi na moja, zote nyeusi, zote zimetulia, zimepangana kama mistari ya daftari. Pembeni kuna cheti chenye muhuri wa rangi ya dhahabu. Rafiki yangu akaniambia maneno yale yale aliyoambiwa na muuzaji: "Cheki zilivyo safi."

Tukaifungua ile fremu. Nikaweka simu karibu kabisa na kitambaa, nikavuta. Wino wa kalamu ukikanyaga kitambaa hunywewa na nyuzi, husambaa kidogo, mahali mkono uliposita huwa mweusi zaidi, mahali mkono ulipokimbia huwa mwembamba. Hapa hakuna hata kimoja. Ni vidoti vidogo vidogo, weusi sawa mwanzo mpaka mwisho. Kesho yake tukapita dukani kwa yule yule muuzaji. Jezi ya pili iko ukutani. Sahihi zile zile kumi na moja, mahali pale pale. Mkia wa sahihi ya kipa unagusa nembo ya klabu kwenye jezi zote mbili, sehemu ile ile. Hakuna binadamu anayeweza kutia sahihi mara mbili ikafanana mpaka unene wa uzi. Hiyo ni mashine. Rafiki yangu amenunua printi kwa 18,000.

Na ukiuliza kwa nini aliamini, jibu ni moja: zilikuwa nzuri.

Huo ndio ugonjwa ninaotaka kuusema leo. Sisi tunaokusanya kadi za wachezaji, jezi na picha, hapa Mombasa na kwenye magrupu ya Kenya nzima, tumejifundisha kuangalia uzuri wa sahihi kabla ya kuuliza imetoka wapi. Mtu akiweka kadi, swali la kwanza ni "sahihi iko clear?" Iko clear, bei inapanda. Imechirizika, watu wanacheka. Nasema tumepindua mambo, juu chini. Uzuri wa sahihi una bei, sikatai, lakini ni swali la mwisho. Tumelifanya la kwanza, na kila anayetaka kutuibia ashajua mlango uko wapi.

Kiswahili chetu kilishatuonya. Lugha nyingine zina neno moja la jina uliloandika kwa mkono wako, na neno jingine la kitu kilicho kweli. Sisi tuna neno moja: sahihi. Sahihi ni alama ya mkono, na sahihi ni kisicho na makosa. Wazee walipotumia neno moja kwa mambo mawili walituachia swali la kujiuliza kila tunapoona kadi: hii sahihi ni sahihi?

Sasa tuangalie soko kubwa linafanyaje, manake kuna watu hapa hunijibu "wewe hujui, huko Marekani sahihi safi ndiyo bei." Haya, twende Marekani.

Mwaka 2022 kadi ya Mickey Mantle, mchezaji wa besiboli, kadi ya Topps ya mwaka 1952, iliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6. Ukiiangalia ile kadi utaona sahihi yake chini, nzuri, imesomeka. Lakini hiyo si ya mkono wake. Ilichapishwa kiwandani pamoja na picha, na kila kadi ya Mantle ya toleo hilo inayo. Waliotoa milioni 12.6 hawakulipia ile sahihi hata senti. Walilipia uchache wa kadi yenyewe na hali yake, manake ilipewa alama 9.5 juu ya 10 na ilikuwa imepita miaka sabini. Sahihi nzuri, ya kuchapishwa, thamani yake sufuri. Hiyo ni kadi iliyokuwa na rekodi ya dunia.

Rekodi hiyo ikavunjwa Agosti 2025. Kadi ya Michael Jordan na Kobe Bryant, ya Upper Deck ya msimu wa 2007-08, ikaenda kwa karibu dola milioni 13. Hii ina sahihi mbili, na hizi ni za mikono yao. Lakini uliza kwa nini zina uzito. Kwanza, kampuni iliyotengeneza kadi ndiyo iliyowapelekea wachezaji watie sahihi, kwa hivyo njia kutoka mkono wa Kobe mpaka kwenye pakiti inajulikana. Pili, hakuna nyingine kama hiyo, iko moja tu. Tatu, Kobe alifariki Januari 2020, hawezi kutia nyingine. Uzuri wa mwandiko uko nyuma ya hayo yote, mwisho wa foleni.

Hata mambo yanayohusu ubora wa sahihi peke yake, wenzetu wana utaratibu. Kuna sahihi iliyotiwa moja kwa moja juu ya kadi, na kuna iliyotiwa juu ya stika ndogo ya plastiki. Stika hufanyika hivi: kampuni inamtumia mchezaji karatasi zimejaa stika, anakaa nyumbani anatia sahihi mamia, anazirudisha, kisha kiwanda kinazibandika juu ya kadi. Mchezaji hakuigusa kadi yako kabisa. Zote mbili ni za kweli, lakini wakusanyaji wengi hulipa zaidi kwa ile ya moja kwa moja, hata kama ile ya stika ni safi zaidi. Sababu? Wanataka kadi ambayo mkono wake uliikanyaga.

Halafu kuna kampuni za kupima, kama PSA ya California. Zikipokea kadi yenye sahihi, kazi ya kwanza ni kuamua kama sahihi ni ya kweli. Ikishindwa hapo, safari imeisha, hakuna alama. Ikipita, ndipo unaweza kupewa alama ya kadi na alama nyingine ya sahihi, kuanzia 1 mpaka 10: wino umefifia? umekatika? kuna alama ya kidole? Umeona mpangilio? Kweli kwanza, uzuri baadaye. Sisi tumebeba ile namba 10 tukaacha mlango aliopitia.

Na kuna jambo ambalo wauzaji wetu hawatawaambia. Sahihi nzuri kupita kiasi inafaa ikutie shaka.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 FBI waliwaandama watu waliokuwa wakighushi sahihi za wachezaji na kuziuza Marekani nzima. Oparesheni hiyo waliiita Bullpen. Katika vitu walivyovikamata kulikuwa na mpira wa besiboli wenye sahihi ya Mother Teresa. Ndiyo, Mother Teresa wa Calcutta. Mnaweza kucheka, lakini yule aliyeghushi alikuwa na mkono mzuri kuliko wangu na wako. Mghushi ana muda. Amekaa mezani, taa iko juu, kalamu mpya, hakuna anayemsukuma. Mchezaji wa kweli ametoka mazoezini, basi linamsubiri, vijana hamsini wanamnyooshea vitu, mmoja kampa kalamu isiyo na wino. Anachora herufi ya kwanza, mstari, mkia, anaondoka. Sahihi yake ya kweli ina haraka ndani yake. Ya mghushi ina utulivu. Ukivuta karibu utaona mstari wake unatetemeka, kama mtu anayetembea juu ya ukuta akiogopa kuanguka. Nalijua hilo kwa sababu mimi pia nilifuatisha sahihi polepole, ulimi nje.

"Lakini ina cheti!" Wangu, cheti ni karatasi. Panda Barabara ya Digo sai, ingia saiba yoyote, utachapishiwa cheti chenye muhuri wa dhahabu kabla chai yako haijapoa. Cheti kina maana kama aliyekitoa anajulikana, ana namba unayoweza kuihakiki kwake mwenyewe, na ana kitu cha kupoteza akidanganya. Cheti kilichotolewa na yule yule anayekuuzia ni sawa na mshitakiwa kujitolea ushahidi.

Na hili neno ushahidi ndilo linalonikera zaidi, manake watu wa Mji wa Kale tusingepaswa kufundishwa na Mmarekani.

Sote tuliopita chuoni tumefundishwa kuwa hadithi haiitwi sahihi kwa sababu maneno yake ni matamu. Inaitwa sahihi kwa isnadi: nani kapokea kwa nani, huyo kapokea kwa nani, na kila mmoja wao alikuwa mtu wa namna gani. Silinganishi dini na kadi za mpira, Mungu anisamehe. Nachukua ile akili tu. Akili hiyo tunayo tangu utoto. Ukienda kuoa, uzuri wa mwandiko kwenye cheti cha ndoa hauna kazi, kazi ni mashahidi waliokaa pale. Ukinunua nyumba, hutasema "hati ina mwandiko mzuri, nipe funguo." Utauliza nani aliuza, nani alikuwepo, kabla yake ilikuwa ya nani. Mtu yule yule anayeuliza maswali hayo yote kwa nyumba, akionyeshwa kadi ya mchezaji anauliza swali moja tu: iko clear?

Sasa turudi kwa wanaoharibu vitu kwa nia njema, manake huko ndiko niliko mimi.

Adui wa kwanza ni sisi wenye makapeni. Usifuatishe sahihi iliyofifia. Usiifuatishe kwa kalamu ile ile, usiifuatishe kwa wino wa rangi ile ile, usimpe fundi akufuatishie. Sahihi iliyofifia bado ni ya mwenyewe. Ukiifuatisha umeizika na kuandika yako juu ya kaburi. Nendeni Fort Jesus mkaone ile michoro waliyoichora Wareno ukutani karne nne zilizopita: meli, watu, samaki. Si michoro ya kushindania zawadi. Mingine utadhani kachora mtoto. Lakini hakuna mtu mwenye akili anayesema tulete rangi tuifuatishe ionekane vizuri kwenye simu za watalii. Thamani yake ni kwamba mkono uliochora ulikuwepo. Kwa nini tunaelewa hivyo kwenye ukuta wa ngome, tusielewe kwenye picha ya babu zetu?

Adui wa pili ni lamineti. Kenya tunapenda lamineti kama tunavyopenda chai. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule, picha ya marehemu, vyote vinapitishwa kwenye ile mashine ya moto. Kadi ikipita pale, plastiki imeshikana nayo kwa joto na gundi, na huwezi kuitoa bila kuichana. Kwa mkusanyaji hiyo kadi imekufa, hata kama sahihi iko safi.

Adui wa tatu ni nyumba zetu zenyewe. Kisiwa hiki kina unyevu na chumvi ya bahari, na jua la saa sita linaingia dirishani kama mwenye nyumba. Jua hula wino. Unyevu huleta kuvu. Zile albamu za zamani zenye kurasa za gundi hugeuza picha ziwe za manjano na kuzing'ang'ania. Dawa yake si ghali: mfuko laini wa plastiki usio na harufu kali, kisha kibebeo kigumu juu yake, ndani ya boksi lenye mfuniko, kabatini, mbali na ukuta wa nje. Tupia humo vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na uvibadilishe. Ukitaka kuonyesha ukutani, onyesha nakala. Asili ikae gizani.

Najua mtajibu nini, na nitawajibu mapema.

Wa kwanza atasema: "Uzuri una bei, usitudanganye." Nakubali. Tuseme una kadi mbili za Victor Wanyama, toleo moja, hali moja, zote zimethibitishwa kuwa za mkono wake. Moja sahihi imekaa wazi juu ya eneo jeupe, nyingine imepotea juu ya jezi nyeusi na kidole kimeiburuza. Ile ya kwanza itauzwa zaidi, na ni haki. Lakini angalia nilivyoanza: zote zimethibitishwa. Sasa niambie, ukiwa na moja iliyoburuzwa lakini kuna picha ya Wanyama akiitia, na nyingine safi iliyotoka kwa mtu aliyetoka kwa mtu asiyejulikana, utanunua ipi? Kama umechagua ya pili, nina jezi ya rafiki yangu hapa, nakuuzia.

Wa pili atasema: "Jina la mtu likiandikwa juu, bei inashuka." Kweli. Sokoni, kadi iliyoandikwa "kwa fulani" mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini kuliko yenye sahihi tupu, kwa sababu mnunuzi hataki jina la mgeni. Lakini yale maneno mara nyingi ndiyo ushahidi wenyewe. Mghushi hapendi kuandika mengi, kila neno linampa nafasi ya kukosea. Anayefuta jina la baba yake ili auze vizuri amefuta shahidi.

Wa tatu ndiye mwenye hoja nzito, na anastahili jibu la heshima. Atasema: "Hayo ni ya Jordan na Kobe. Picha ya mchezaji wa Feisal, hata ingekuwa sahihi safi kama ya karani wa bandari, nani atainunua?" Hakuna. Nawaambia ukweli, nikiipeleka picha ya babu kwenye mnada wa Marekani wataniuliza Feisal ni nani. Lakini bei haishuki kutoka mbinguni. Kadi ya Mantle ilifika milioni 12.6 kwa sababu kuna watu waliozihifadhi, wakaziandika, wakajua zimebaki ngapi, wakabishana juu yake kwa miaka sabini. Sisi timu ya kisiwa chetu ilibeba ligi ya Kenya nzima, miaka miwili tu baada ya uhuru, na leo ukimsimamisha kijana Makadara umuulize wachezaji watatu wa timu ile, atakutajia watatu wa Arsenal. Bandari walichukua Ngao ya FKF mwaka 2019 wakaenda kucheza Kombe la Shirikisho Afrika. Nani kati yetu ana kitu chochote kilichotiwa sahihi na wachezaji wale, na tarehe, na picha? Tulikuwa tunanunua printi za Ulaya.

Kwa hivyo nataka mambo matatu, na siombi.

Wauzaji: ukiuza kitu chenye sahihi ya kuchapishwa, andika "ya kuchapishwa". Hakuna aibu kuuza printi, hata viwanda vikubwa huchapisha sahihi juu ya kadi kama pambo. Aibu ni kuiita ya mkono. Na usiposema nani alikupa, lini na wapi, usituambie "imetulia".

Klabu zetu za Pwani: chapisheni kadi za wachezaji wenu. Si kazi ya mamilioni, ni karatasi nzuri na picha nzuri. Kadi mia moja, zimepewa namba 1 mpaka 100, mchezaji azitie sahihi mezani mbele ya watu, mtu arekodi video, zile namba ziandikwe kwenye daftari la klabu. Siku hiyo hiyo mmeshatengeneza kitu ambacho hakihitaji kupelekwa California kuulizwa ni cha kweli au la. Upper Deck walifanya hivyo mwaka 1990: Reggie Jackson akatia sahihi kadi 2,500 zenye namba, zikatiwa ndani ya pakiti, na biashara nzima ikabadilika. Hawakuwa na uchawi. Walikuwa na daftari.

Na sisi wakusanyaji: wazee wako barazani sasa hivi. Wanajua picha ile ilipigwa wapi, nani kasimama kushoto, nani alitia sahihi na kwa nini. Weka simu, bonyeza rekodi, uliza. Dakika tano. Andika jina la aliyesema na tarehe, weka pamoja na picha. Hiyo ndiyo isnadi. Bila hiyo, mzee akiondoka, sahihi inabaki mikwaruzo.

Nimalizie na nilichojifunza kwa babu, manake sikuwaambia yote.

Siku chache baada ya ile video nilirudi kwake nikaomba radhi, na safari hii nikauliza. Akaniambia yule kijana alikuwa jirani. Alikutana naye njiani, babu yuko na baiskeli, picha imetoka studio siku ile. Kijana akaiweka juu ya tandiko la baiskeli akaandika. Tandiko lina mbonyeo katikati, kwa hivyo kalamu ilipofika mwisho iliruka, na mkia wa sahihi ukakatika ukaenda upande. "Tulicheka sana," akasema. "Kila nikiuona ule mkia namkumbuka."

Nikaitazama ile picha. Mkia haujakatika tena. Nilipofuatisha kwa makapeni niliona ile sehemu imekaa vibaya, nikainyoosha.

Babu sai hayupo. Nimebaki na ile picha yenye sahihi safi, nyeusi, iliyonyooka, ya kwangu. Nimebaki na rekodi ya dakika nne, sauti yake, anaeleza habari ya tandiko. Na kwenye simu ya zamani nimepata picha moja niliyopiga kujaribu kamera kabla sijashika makapeni. Imefifia, huoni vizuri mpaka uvute. Lakini ukivuta, mwisho kabisa, mkia unaruka.

Hiyo picha ya simu na ile rekodi siuzi. Ile ya sahihi nzuri, kama kuna anayeitaka, nimwekee bei gani?

Wenye picha za Feisal nyumbani, au za timu yoyote ya kisiwa hiki, niandikieni. Msizisafishe kwanza.